Maneno ya Damu: Namna Selimundu Ilivyoelezwa kwa Umma Nchini Uganda, 1945 hadi Leo

Utangulizi

Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Husema pia kwamba maji hufuata mkondo. Methali hizi zilikuwapo kabla ya maabara yoyote, na bado zinafanya kazi. Daktari anaposimama mbele ya wazazi na kuwaeleza kuhusu urithi wa maradhi, wazazi wale tayari wana elimu yao ya urithi: wana methali, wana ukoo, wana mizimu, wana majibu ya swali "mtoto huyu amemrithi nani?" Maneno ya daktari huingia katika nyumba iliyokwisha kuwa na samani.

Insha hii inafuatilia maneno ambayo wataalamu, serikali, viongozi wa dini na wa jadi wameyatumia kuueleza ugonjwa mmoja wa kurithi, yaani selimundu, hapa Uganda tangu mwaka 1945. Nimeuchagua ugonjwa huu kwa sababu tatu. Kwanza, ni ugonjwa wa kurithi unaofahamika zaidi nchini mwetu. Pili, sehemu kubwa ya elimu ambayo dunia nzima inayo kuhusu ugonjwa huu ilipatikana kutokana na damu ya watu wa Afrika Mashariki, wakiwemo watoto wa Kampala. Tatu, siku hizi vijana wa umri wetu wanaulizwa kuhusu selimundu kabla ya kufunga ndoa, na jibu linaweza kuvunja uchumba. Kwa hiyo namna jambo hili linavyosemwa ina uzito katika maisha ya watu.

Hoja yangu ni kwamba sayansi ya selimundu ilisahihishwa mapema, lakini maneno yake yalichelewa. Mara mbili katika historia, lugha mbovu iliwafanya watu wenye elimu wasiwaone wagonjwa waliokuwa mbele yao. Tukiyafahamu makosa hayo, tunaweza kuzungumza vizuri zaidi leo.

Balagha na urithi

Taaluma inayochunguza namna watu wanavyoshawishiana kwa maneno huitwa balagha. Mmoja wa wasomi walioitumia balagha kuchunguza elimu ya jeni ni Celeste Condit wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1999, alipitia jinsi Wamarekani walivyozungumza kuhusu urithi wa binadamu katika karne ya 20, akaonyesha kwamba mazungumzo hayo yalibadilika kipindi hadi kipindi. Mwanzoni mwa karne, lugha iliyotawala ilikuwa ya ufugaji: watu walizungumziwa kama mifugo ambayo mbegu yake inaweza kuboreshwa au kuharibika. Baada ya miaka ya 1930 lugha hiyo ilianza kupoteza heshima, na mahali pake pakaja lugha ya familia na ushauri. Baadaye ikaja lugha ya majaribio ya maabara, kisha lugha ya ramani na maandishi.

Condit alifanya jambo lingine ambalo naliona ni la maana zaidi kwetu. Wakosoaji wengi walikuwa wanahofia kwamba ukimwambia mtu wa kawaida kuwa jeni ni mchoro wa jengo, ataamini kuwa maisha yake yamekwisha kupangwa. Condit aliwauliza watu wa kawaida wenyewe. Aligundua kwamba wengi waliisikia tamathali ile kwa namna laini kuliko wasomi walivyodhani: mchoro unaweza kubadilishwa, na fundi ana nafasi yake. Funzo ni kwamba hatuwezi kujua neno linafanya nini kwa kulitazama tu kwenye karatasi. Inatubidi tujue nani analisema, nani analisikia, na msikilizaji amekuja na nini kichwani.

Nitayatumia maswali hayo matatu katika kuipitia historia yetu.

Kabla ya Mulago: lugha ya mbari

Selimundu iliingia katika vitabu vya tiba mwaka 1910, wakati daktari James Herrick wa Chicago alipochapisha habari za kijana mmoja kutoka Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Katika damu yake zilionekana seli nyekundu zilizopinda kama mundu. Mwaka 1922 ugonjwa ukapewa jina linalotokana na umbo hilo, na Kiswahili kimelifuata kwa kuunganisha seli na mundu. Kwa Wamarekani wa wakati ule, ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa watu Weusi. Mzungu alipoonekana kuwa nao, madaktari waliichunguza nasaba yake wakitafuta babu Mweusi aliyefichwa.

Huku Afrika Mashariki hali ya mazungumzo haikuwa bora. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Sauti kubwa katika chama hicho ilikuwa ya daktari H. L. Gordon, ambaye alidai kwamba akili ya Mwafrika ina mipaka ya kuzaliwa nayo, na alitegemea vipimo vya ubongo vilivyofanywa na mtaalamu wa patholojia, F. W. Vint. Waliomba serikali ya Uingereza iwagharamie utafiti mkubwa zaidi, wakanyimwa. Chama kikafifia. Hata hivyo dhana waliyoitumia, kwamba damu ya Mwafrika ni jambo la kuchunguzwa ili kujua daraja lake, haikufifia kwa haraka hiyo.

Hapa ndipo tunapoona jibu la maswali yetu matatu. Waliosema walikuwa wakoloni. Waliosikia walikuwa wakoloni wenzao. Waafrika walikuwa mada ya mazungumzo tu, na hakuna aliyewageukia kuwaeleza chochote.

Mulago na Makerere: damu kama ushahidi wa asili

Mwaka 1945 Hugh Trowell, daktari wa Hospitali ya Mulago ambaye anajulikana zaidi kwa kazi yake kuhusu utapiamlo wa watoto, aliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki makala kuhusu upungufu wa damu unaotokana na selimundu. Miaka minne baadaye, mwaka 1949, Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima damu ya watu karibu 5,000 wa makabila mbalimbali ya Uganda. Lehmann alikuwa mkimbizi Myahudi kutoka Ujerumani aliyepata makao Uingereza, kisha akaja Uganda kuchunguza upungufu wa damu. Raper alikuwa mtaalamu wa patholojia wa serikali.

Kipimo chao kilikuwa rahisi. Tone la damu hufungiwa chini ya kioo ili oksijeni iishe. Seli zenye hemoglobini ya selimundu hujikunja na kuchukua umbo la mundu. Matokeo yalitofautiana sana. Katika makabila mengine ya kusini-magharibi, waliokuwa na seli hizo walikuwa wachache mno, karibu mtu 1 katika 100. Kwa Waamba wa Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, walikuwa karibu 45 katika 100.

Swali ambalo daktari wa leo angeuliza ni: kwa nini huku wengi na kule wachache, na wanaoumia ni nani? Lakini kichwa cha makala ile kilitaja umuhimu wa matokeo hayo katika elimu ya makabila. Waandishi waliitumia damu kutafuta nani ni Mbantu, nani ni Mhamitiki, na nani amechanganyika na nani. Damu ya Mganda, ya Mwamba na ya Mhima ikasomwa kama hati ya kale inayoeleza safari za mababu. Watu wenyewe hawakuelezwa kwamba hati hiyo inahusu pia watoto wao.

Kosa lililofuata ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Watafiti walishangaa kuona Waafrika wengi wenye seli za mundu na wagonjwa wachache wa selimundu waliokuwa watu wazima. Huko Marekani wagonjwa walionekana, hapa hawakuonekana. Mwaka 1950 Raper alipendekeza kwamba huenda kuoana na Wazungu huko Marekani kumeingiza kitu fulani kinachoifanya hali ile iwe ugonjwa. Kwa maneno mengine, lugha ya mbari ilipokosa jibu, ilijijibu kwa mbari tena.

Jibu la kweli lilikuwa la kusikitisha na lilikuwa karibu sana. Watoto wenye ugonjwa walikuwa wanakufa wadogo, wengi kabla hawajafikishwa hospitali, na vifo vyao viliandikwa kuwa malaria, homa ya mapafu au upungufu wa damu tu. Huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Joseph na Charlotte Lambotte-Legrand walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba ukiwatafuta wagonjwa miongoni mwa watoto wadogo, unawakuta. Wagonjwa walikuwapo siku zote. Walikosekana kwa sababu watafiti walikuwa wanapima watu wazima na kuuliza habari za makabila.

Mwaka 1949 na mwaka 1954

Wakati huohuo, mwaka 1949, msingi wa urithi wa selimundu ulielezwa. James Neel wa Marekani na E. A. Beet aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walieleza kila mmoja kwa upande wake kwamba mtu akirithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja anakuwa mbebaji mwenye afya, na akirithi kutoka kwa wazazi wote wawili anakuwa mgonjwa. Mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake walionyesha kwa njia ya umeme kwamba hemoglobini ya mgonjwa ni tofauti na ya mtu mwingine, na kwamba ya mbebaji ni mchanganyiko wa zote mbili. Tangu hapo iliwezekana kuwatenganisha waziwazi mbebaji na mgonjwa. Ndiyo chanzo cha herufi ambazo wanafunzi wa Kampala huzitaja leo: AA, AS na SS.

Makala ya Beet ilichapishwa katika jarida la London ambalo jina lake bado lilibeba neno yujeniki, yaani madai ya kuboresha mbari za watu kwa kuchagua wazazi. Mwaka 1954 jarida hilo lilibadilishwa jina, likawa la elimu ya jeni za binadamu. Lugha ya ufugaji ilikuwa inavuliwa rasmi.

Mwaka huohuo wa 1954 Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Gilgil, Kenya, alichapisha kazi iliyobadilisha mazungumzo yote. Mwaka 1949 alikuwa ameona kwamba wabebaji ni wengi karibu na pwani ya Kenya na karibu na Ziwa Nyanza, lakini ni wachache nyanda za juu. Akakisia kwamba malaria ndiyo sababu. Alipima watoto wa Kiganda 290 katika eneo la Kampala. Kati ya watoto 43 waliokuwa wabebaji, 12 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, yaani asilimia 27.9. Kati ya 247 wasiokuwa wabebaji, 113 walikuwa navyo, yaani asilimia 45.7. Alifanya pia jaribio la kuwaambukiza malaria wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea. Kati ya 15 wabebaji, waliopata malaria walikuwa 2. Kati ya 15 wasio wabebaji, walikuwa 14. Jaribio la namna hiyo lingepata shida kuidhinishwa na kamati yoyote ya maadili leo, na ni haki kukumbuka kwamba elimu hii ilikuwa na gharama kwa watu ambao majina yao hatuyakuti vitabuni.

Maana ya kazi ya Allison katika balagha ni kubwa. Kabla yake, jeni ya selimundu ilikuwa alama ya kabila. Baada yake ilikuwa alama ya mbu. Waamba wana jeni hiyo kwa wingi kwa sababu mababu zao waliishi karne nyingi katika bonde lenye malaria, na mbebaji alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi hadi kuzaa. Waarabu wa mashariki mwa Saudia, watu wa baadhi ya sehemu za India, na Wagiriki wa maeneo fulani wanayo pia, kwa sababu hiyohiyo. Mlima, ziwa na kinamasi vinaeleza mengi kuliko kabila. Laiti elimu hii ingefika vijijini mwaka 1954 kama ilivyofika London, mama wa mtoto mgonjwa angeambiwa: umerithi kitu kilichowaokoa mababu zako, na kwa bahati mbaya mtoto wako amekipata mara mbili.

Onyo kutoka Marekani

Ili kuona kwamba sayansi sahihi haitoshi, tutazame Marekani ya miaka ya 1970. Vuguvugu la haki za watu Weusi lilidai ugonjwa huu uliosahauliwa upewe fedha, na mwaka 1972 Rais Nixon alitia saini sheria ya kitaifa ya kuudhibiti. Nia ilikuwa njema. Lakini majimbo kadhaa yalitunga sheria za kulazimisha upimaji, baadhi yakiwalenga watu Weusi peke yao, bila ushauri nasaha wa kutosha na bila kulinda siri. Maandishi mengi ya umma yaliwachanganya wabebaji na wagonjwa. Matokeo yake watu wenye afya walikosa kazi au walitozwa zaidi na kampuni za bima. Chuo cha jeshi la anga cha Marekani kiliwakataa wabebaji hadi mwaka 1981.

Hata Pauling mwenyewe, mshindi wa tuzo mbili za Nobel, alikuwa ameandika mwaka 1968 kwamba vijana wabebaji wachorwe alama kwenye paji la uso ili wasipendane wao kwa wao. Alikuwa mtu wa amani aliyepinga silaha za nyuklia, na alisema hivyo kwa kuwahurumia watoto ambao wangezaliwa wagonjwa. Lakini huruma yake ilitumia lugha ya mfugaji anayetia chapa ng'ombe. Condit anatusaidia kuelewa: lugha ya kale ilikuwa imekatazwa mlangoni, ikaingia kupitia dirishani.

Kampala: kliniki, redio na mimbari

Turudi nyumbani. Mulago ina kliniki ya watoto wenye selimundu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa miongo mingi profesa Christopher Ndugwa alikuwa miongoni mwa waliobeba kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya kishujaa, kwa sababu miaka ya 1970 madaktari wengi waliikimbia nchi na hospitali zikakosa hata dawa za kawaida. Mwaka 2003 Ndugwa na Graham Serjeant, mtaalamu aliyefanya kazi Jamaica, waliandika makala wakisema kwamba kwa Uganda wakati wa kuchukua hatua umefika. Tazama tofauti na mwaka 1949. Kichwa cha makala ya kwanza kilizungumzia makabila. Cha makala hii kilidai vitendo. Mada ni ileile, damu ni ileile, lakini anayesemewa sasa ni mgonjwa.

Takwimu kubwa zilikuja baadaye. Kati ya Februari 2014 na Machi 2015, Wizara ya Afya na watafiti wa Makerere na Marekani, wakiongozwa na Grace Ndeezi, walitumia matone ya damu yaliyokaushwa ya watoto wachanga ambayo tayari yalikuwa yanasafirishwa kwenda maabara kuu kwa ajili ya kupima virusi vya UKIMWI. Walipima sampuli 97,631 kutoka wilaya zote. Wabebaji walikuwa asilimia 13.3, na wagonjwa asilimia 0.7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika The Lancet Global Health. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa na ramani ya nchi nzima, na ramani hiyo ilipangwa kwa wilaya badala ya kabila. Naona uamuzi huo wa mpangilio ulikuwa wa busara, kwani wilaya inaweza kupewa dawa na wauguzi. Kabila linaweza kupewa sifa mbaya tu.

Kisha umma ukaingia. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2019, mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka wa Buganda zilielekezwa kwenye vita dhidi ya selimundu. Maelfu ya watu walivaa fulana na kukimbia kutoka Mengo. Redio ya CBS ililisema jina la Kiganda la ugonjwa huu, nnalubiri, mchana kweupe, na jambo lililokuwa siri ya nyumba likawa mazungumzo ya kwenye teksi. Kwa upande wa balagha, hili lilikuwa tukio kubwa kuliko makala yoyote. Mfalme hakueleza hemoglobini. Alifanya jambo moja tu ambalo maabara haiwezi kulifanya: aliwaondolea watu aibu ya kulitaja.

Mimbari nayo ikasema. Makanisa kadhaa ya Kampala huwataka wachumba walete majibu ya kipimo cha selimundu pamoja na cha UKIMWI kabla ya kutangaziwa ndoa. Wanaounga mkono wanasema kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Ni kweli kwamba kujua ni bora kuliko kutojua. Lakini kuyaweka majibu mawili katika bahasha moja kunaleta mkanganyiko. Virusi huambukizwa; jeni ya selimundu haiambukizwi. Mwenye AS si mgonjwa na hamdhuru mwenziwe kwa lolote. Uchumba wa mtu mwenye AS na mwenye AA hauwezi kumzaa mtoto wa SS. Hata hivyo nimewasikia vijana wenzangu wakisema "yule ana selimundu" wakimaanisha kwamba yule ni mbebaji. Kosa la Marekani la miaka ya 1970 limefika Kampala likiwa limevaa suti ya harusi.

Maneno matatu ya kuangalia

Neno la kwanza ni robo. Wachumba wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Maelezo ya kawaida husema "mmoja kati ya watoto wanne", na wazazi husikia kama zamu: wa kwanza ameshaumwa, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba inaanza upya, kama sarafu isiyokumbuka ilivyoanguka jana. Ni afadhali kusema "kila mara" kuliko "kati ya wanne".

Neno la pili ni ukoo. Buganda ina mwiko wa kuoana ndani ya kika kimoja, na wengi wetu tumefundishwa kwamba mwiko huo unalinda damu. Mwiko una hekima yake, lakini hauizuii selimundu, kwa maana jeni hiyo imeenea katika koo zote. Kwa kiwango cha asilimia 13.3, watu wakioana bila kuangalia, chini ya ndoa 2 katika kila 100 zitakuwa za wabebaji wawili, bila kujali muziro wa yeyote. Tena ugonjwa hauji mpaka wazazi wote wawili wachangie. Katika familia nyingi mama huambiwa kwamba mtoto ameutoa ugonjwa kwao. Kiswahili chenyewe kinahitaji uangalifu hapa: neno vinasaba limetoka katika nasaba, na masikioni mwa wengi nasaba hufuata baba. Mwalimu wa afya anayetumia neno hili aongeze sentensi moja: nusu kwa baba, nusu kwa mama, sawasawa.

Neno la tatu ni kutokomeza. Tunatokomeza mbu na polio. Tunapotangaza kwamba tunaitokomeza selimundu kwa kuzuia ndoa, mtu mzima mwenye SS anayesikiliza redio anaelewa nini? Anaelewa kwamba dunia nzuri ni ile isiyokuwa na yeye. Watu hawa wako miongoni mwetu, wanasoma, wanafanya kazi, na wanaweza kuishi maisha marefu zaidi wakitunzwa. Utafiti uliofanyika Mulago kwa watoto 207 na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea inaweza kutumika kwa usalama hata katika nchi yenye malaria. Penisilini, chanjo, kinga ya malaria na kumpima mtoto anapozaliwa ni mambo yanayojulikana. Kampeni inayozungumzia wachumba peke yao inawasahau watoto waliokwisha kuzaliwa, kama watafiti wa mwaka 1950 walivyowasahau.

Tukumbuke pia kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri jeni za mgonjwa wa selimundu. Magazeti yalitangaza kwamba ugonjwa umepata dawa. Bei iliyotajwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mzazi wa Kampala anayesoma habari hiyo ana haki ya kuambiwa yote mawili, tumaini na bei, katika pumzi moja.

Hitimisho

Katika miaka karibu 80, damu ya Waganda, Waamba na Waluo imewafundisha wanasayansi mambo makubwa. Kwanza ilisomwa kama ushahidi wa makabila, kisha kama ushahidi wa malaria, na leo inasomwa kama sharti la ndoa. Kila lugha kati ya hizo ilimwona mtu fulani na kumficha mwingine. Lugha ya makabila iliwaficha watoto waliokuwa wanakufa. Lugha ya sharti la ndoa inawaficha wagonjwa walio hai na kuwatia doa wabebaji wenye afya.

Katika mji huu elimu ya afya hutolewa kwa Kiganda na Kiingereza. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, bado kwa wengi ni lugha ya kambini. Lakini anayetoka Bundibugyo, Arua au Goma na kuja Mulago na mtoto mgonjwa, mara nyingi Kiswahili ndicho atakachokijua kabla ya Kiganda. Sisi tunaokisoma Kiswahili tuna kazi ya kufanya hapo, nayo ni ndogo na inaweza kuanza sasa: kuandika karatasi moja ya ukurasa mmoja, itakayomweleza mama yule kwamba hakukosea kumzaa mtoto huyu, kwamba baba amechangia sawa naye, kwamba mimba ijayo inaanza upya, na kwamba mlango wa kliniki uko wapi.